HABARI ZA BABA ZETU WALIOKWENDA VITANI



Ni desturi ya kitabu hiki kutenga kurasa chache kwa mambo ya kale, baada ya hesabu ya fedha na taarifa za misiba, karo na wagonjwa. Mwaka huu Kamati imeniagiza mimi karani wenu niandike juu ya jambo ambalo wazee wengi wameniletea ofisini, nalo ni hili: jinsi ya kujua baba zao walitumika wapi katika Vita Kuu ya Pili, iliyopiganwa tangu mwaka 1939 hata mwaka 1945.

Wenye kuuliza ni watu wenye mvi. Baadhi yao walizaliwa baba akiwa ng'ambo, na wengine walizaliwa baada ya yeye kurudi. Wengi wao wana neno moja tu. Mmoja husema, "Baba alikuwa Keya," na mwingine husema, "Baba alikwenda Burma." Zaidi ya hapo hawana kitu. Baba mwenyewe hakupenda kusimulia, au alisimulia wakati watoto hawakuwa na masikio ya kusikia.

Napenda kusema mapema neno lililo kubwa katika makala haya. Mtu akitaka kumpata baba yake katika vitabu vya vita, asianze na jina, bali aanze na kikosi. Jina lajulikana nyumbani, lakini jeshi lilimjua mtu kwa namba yake na kikosi chake. Hizi ni habari mbili za mtu mmoja, nazo zimekaa mbalimbali. Nusu moja imo katika vichwa vya wazee wetu, na nusu ya pili imo katika makaratasi ya Nairobi na ya London. Makaratasi yana watunzaji wake. Vichwa vya wazee havina mtunzaji isipokuwa sisi.

KEYA NA VIKOSI VINGINE

Jina hili Keya latokana na herufi tatu, K.A.R., yaani King's African Rifles. Jeshi hilo liliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vilivyokuwako kwanza katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati zilizotawaliwa na Waingereza. Vita ilipoanza mwaka 1939, Batalioni ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Ya 3 na ya 5 zilikuwa za Kenya. Ya 4 ilikuwa ya Uganda. Na ya 6 ilikuwa ya Tanganyika.

Vita ilipozidi, batalioni zikaongezwa, nazo zikapewa namba zenye tarakimu mbili. Hapa pana siri ndogo yenye kumsaidia mtafutaji. Mara nyingi tarakimu ya mwisho yaonyesha nchi iliyoianzisha batalioni. Batalioni za 26, 36 na 46 zilikuwa za Tanganyika kama ile ya 6. Batalioni za 34 na 44 zilikuwa za Uganda kama ile ya 4. Ya 22 ilikuwa ya Nyasaland kama ile ya 2. Lakini kanuni hii haishiki kila mahali, kwa maana Batalioni ya 11 ilikuwa ya Kenya, wala haikuwa ya Nyasaland. Tena mtu wa Kenya aliweza kuandikishwa katika batalioni ya nchi nyingine. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye msituni kwa jina la Jenerali China, alikuwa mtu wa Nyeri, naye alitumika Burma katika Batalioni ya 36, ambayo ilikuwa ya Tanganyika. Basi mzee asiseme, "Baba alikuwa wa Kenya, kwa hiyo alikuwa katika ya 3, ya 5 au ya 11." Pengine ndivyo, pengine sivyo.

Kuna kosa jingine la kawaida, nalo ni kudhani kwamba kila aliyevaa nguo za jeshi alikuwa Keya. Watu wa Kenya waliotumika katika vita hiyo walikuwa karibu 98,000, na wengi wao hawakuwa askari wa bunduki. Walikuwako madereva wa malori, mafundi wa magari, wapiga simu, wauguzi wa hospitali za jeshi, wapishi, makarani na walimu wa askari. Walikuwako watu wa mizinga. Walikuwako maelfu wa vikosi vya kazi, waliochimba barabara, wakapakua meli na kulinda maghala, wengine hapa Afrika, wengine Misri na nchi za jirani zake. Bildad Kaggia, ambaye baadaye alifungwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, alikuwa karani wa jeshi, akafika Mashariki ya Kati na hata Uingereza. Mtu akimtafuta baba yake katika Keya, kumbe baba alikuwa dereva, atafungua vitabu mwaka mzima asimwone.

NJIA NNE WALIZOPITA

Ili mzee apate kumweka baba yake mahali pake, yafaa ajue njia kubwa walizopita watu wetu. Nitazitaja nne.

Njia ya kwanza ni ya kaskazini. Italia iliingia vitani mwezi wa Juni 1940, na askari wake wakavuka mpaka wakaishambulia Moyale. Mwanzo wa mwaka 1941 majeshi yaliyokusanyika Kenya, ya Afrika ya Mashariki, ya Afrika ya Magharibi na ya Afrika ya Kusini, yaliingia Somalia. Kismayu ilitwaliwa mwezi wa Februari, na Mogadishu tarehe 25 ya mwezi huo huo. Kutoka hapo majeshi yalipanda kwenda Harar, na tarehe 6 Aprili 1941 yakaingia Addis Ababa. Wengi hudhani kwamba vita ya Habashi iliishia hapo, lakini sivyo. Mapigano yaliendelea katika maziwa na milima mpaka Gondar iliposalimu amri tarehe 27 Novemba 1941. Basi mzee akisikia kwamba baba yake alipigana katika baridi na milima mirefu, asidhani kwamba ni hadithi tu.

Njia ya pili ni ya Madagascar. Kisiwa kile kilikuwa chini ya Wafaransa wa serikali ya Vichy, na Waingereza walihofu kwamba Wajapani wangekitumia. Mwezi wa Mei 1942 Waingereza waliitwaa bandari ya Diego Suarez. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Brigedi ya 22 ya Afrika ya Mashariki ilishuka Majunga, ikateremka kusini hata mapatano ya kuacha vita yalipotiwa sahihi mwezi wa Novemba. Vita hii haikuchukua muda mrefu, na kwa hiyo imesahauliwa. Mwana akimsikia baba akitaja Majunga, huenda akadhani kwamba ni mji wa pwani yetu.

Njia ya tatu ni ya bahari, na juu yake lazima niandike kwa huzuni. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa katika msafara uliotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani ya chini ya maji karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama katika dakika chache sana. Watu 1,297 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Regimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika ya Mashariki. Kuna nyumba ambazo hazikupata kaburi wala mtu wa kusimulia, kwa sababu wenzake waliomjua walizama pamoja naye. Kama baba au babu wa mwanachama aliondoka Mombasa mwanzo wa mwaka 1944 asionekane tena, na kama alikuwa mtu wa mizinga, hapo ndipo mahali pa kuanza kuuliza.

Njia ya nne ni Burma, ambayo sasa yaitwa Myanmar. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo njia itajwayo sana na kujulikana kidogo.

Mwaka 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, chini ya Meja-Jenerali Fowkes. Divisheni ni mkusanyiko wa brigedi, na kila brigedi ilikuwa na batalioni tatu. Brigedi ya 21 ilikuwa na Batalioni ya 2 na ya 4 za Keya, pamoja na moja ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Brigedi ya 25 ilikuwa na ya 11, ya 26 na ya 34. Brigedi ya 26 ilikuwa na ya 22, ya 36 na ya 44. Mtafutaji aangalie hapa: Brigedi ya 26 na Batalioni ya 26 ni vitu viwili mbalimbali, wala hiyo batalioni haikuwa ndani ya brigedi yenye namba yake. Jambo hili limewapoteza wengi.

Divisheni ilipelekwa kwanza Ceylon, ambayo siku hizi yaitwa Sri Lanka, ikafundishwa huko vita vya msituni. Katikati ya mwaka 1944 ikapelekwa mpaka wa India na Burma, wakati Wajapani walipokuwa wameshindwa Imphal na Kohima na kuanza kurudi nyuma. Kazi iliyopewa ilikuwa kuwafuata Wajapani katika Bonde la Kabaw, tangu Tamu kuelekea kusini, tena katika majira ya mvua kubwa. Majeshi mengine yalikuwa yakingoja mvua ziishe. Bonde lile lilikuwa na sifa mbaya ya malaria na homa nyingine kali iletwayo na wadudu wadogo wa majani. Barabara ziligeuka matope, na chakula na risasi vikaangushwa kwa ndege. Mwezi wa Novemba 1944 divisheni ilikutana karibu na Kalemyo na Divisheni ya 5 ya India iliyokuwa ikitoka upande wa Tiddim. Mwanzo wa Desemba ikaingia Kalewa, penye mto mkubwa wa Chindwin, ikauvuka na kushika ng'ambo ya pili. Hapo mainjinia walijenga daraja la vipande vya chuma lenye urefu wa futi 1,154, na wakati ule hapakuwa na daraja la aina hiyo refu kuliko hilo duniani. Jeshi kubwa lililokwenda kuikomboa Burma ya kati lilipita juu yake.

Zaidi ya divisheni hiyo zilikuwako brigedi mbili zilizosimama peke yake. Ya 22 ilipigana Arakan, upande wa bahari, na ya 28 ilikuwa kwenye mto Irrawaddy mwanzo wa mwaka 1945. Kwa hiyo neno "Burma" peke yake halitoshi. Laweza kuwa na maana ya matope ya Kabaw, au mikoko ya Arakan, au mchanga wa Irrawaddy. Wajapani walisalimu amri mwezi wa Agosti 1945, lakini watu wetu wengi hawakurudi mara moja. Meli zilikuwa chache, na wengine walingoja hata mwaka 1946.

ALAMA ZILIZOMO NYUMBANI

Sasa mzee ataniuliza, "Nami nitajuaje kikosi, ikiwa baba hakuniambia?" Jibu ni kwamba nyumba nyingi zina alama ambazo hazijasomwa.

Ya kwanza ni nishani. Zile zenye umbo la nyota hutaja jina la vita kwenye chuma chenyewe, nao utepe una rangi zake. Utepe wa Nyota ya Burma ni wa buluu nyeusi, na katikati una mstari mwekundu, na kila upande wa buluu una mstari wa rangi ya machungwa. Utepe wa Nyota ya Afrika ni wa rangi ya mchanga, una mstari mwekundu katikati, na kando yake mistari miwili myembamba ya buluu, mmoja mweusi na mmoja mweupe. Nyota hii walipewa pia waliopigana Somalia na Habashi tangu Juni 1940 hata Novemba 1941. Nishani zaweza kusema baba alifika wapi, ijapokuwa hazisemi alikuwa batalioni gani.

Ya pili ni picha. Katika picha ya askari aliyesimama mbele ya pazia la mpiga picha wa mjini, wengi huangalia uso. Mtafutaji na aangalie bega, kofia na mkono. Divisheni ya 11 ilikuwa na alama ya kichwa cha kifaru, yaani mnyama, si gari la vita. Cheo huonekana mkononi. Nyuma ya picha pengine pana jina la mji au mwaka.

Ya tatu ni karatasi yo yote ya jeshi: cheti cha kuachiliwa, barua, risiti ya fedha aliyotumiwa mama. Humo mna kitu kilicho bora kuliko vyote, yaani namba ya askari, ambayo mara nyingi hutanguliwa na herufi. Herufi zisiachwe wakati wa kunakili, kwa kuwa ni sehemu ya namba.

Ya nne ni maneno ya baba mwenyewe. Mzee mmoja wa Chama chetu ameniruhusu nieleze habari yake bila kutaja jina. Yeye alizaliwa mwaka 1947. Baba yake alikuwa akiulizwa juu ya vita, alijibu neno lile lile sikuzote: "Tulitembea, tukatembea, halafu Kalewa." Kisha akanyamaza. Watoto wakacheka, maana walidhani kwamba ni habari ya mtu aliyekunywa pombe akalewa, na mchezo ule ukabaki katika ukoo hata wajukuu. Mwaka huu mzee alileta kopo la zamani lenye Nyota ya Burma na picha iliyokunjamana, na begani mwa baba kilionekana kichwa cha kifaru. Tukafungua ramani, tukaona Kalewa, pale mtoni. Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Basi alikuwa akituambia." Batalioni yake hatujaijua bado, lakini sasa zimebaki tisa tu za kuchagua, na mwezi mmoja twaujua.

Natoa mfano huu ili tusidharau maneno yasiyo na maana kwetu. Majina ya Tamu, Kalewa, Gondar, Majunga, Diego na Colombo huenda yalikuwa yakitajwa nyumbani kwetu miaka yote, tukayasikia kama mzaha au kama jina la ng'ombe.

MAKARATASI YALIKO

Mtu akishakuwa na kikosi, na ikiwezekana namba, aweza kwenda kwenye makaratasi.

Hapa Nairobi pana Nyumba ya Nyaraka za Taifa, katika Moi Avenue, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Humo mna majalada ya Ma-DC na Ma-PC wa zamani, na katika taarifa zao za miaka ya vita huonekana habari za kuandikisha watu, za fedha zilizotumwa kwa wake zao, na za kurudi kwao. Magazeti ya zamani nayo yana faida. Gazeti la Baraza, lililoanza mwaka 1939, lilichapa barua nyingi za askari, na mtu aweza kumwona ndugu yake akituma salamu kutoka mbali.

London, mahali paitwapo Kew, zimehifadhiwa shajara za vita. Kila batalioni ilipaswa kuandika siku kwa siku ilikuwa wapi na ilifanya nini. Shajara za Afrika ya Mashariki na Mashariki ya Kati zimo katika fungu la WO 169. Za Burma zimo katika WO 172. Na za Madagascar katika WO 174. Maombi ya nishani za ushujaa yamo katika WO 373. Shajara hizi hutaja maofisa kwa majina, lakini askari wa kawaida hutajwa mara chache sana. Huandikwa kwamba fulani wawili waliuawa na watano walijeruhiwa. Hapo ndipo ionekanapo faida ya kujua kikosi. Hutamwona baba kwa jina, lakini utajua siku ile, mvua ile na kilima kile, naye alikuwa mmoja wa watu wale. Kitabu kikubwa cha historia ya Keya ni kile cha Luteni-Kanali Moyse-Bartlett, kilichopigwa chapa mwaka 1956, nacho hueleza safari ya kila batalioni.

Kwa waliokufa, iko Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo orodha yake yaweza kutafutwa bure kwa jina, kwa namba au kwa kikosi. Katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, pana ukumbusho wa wasio na kaburi, na humo wamo waliozama katika Khedive Ismail. Kule Burma, Taukkyan, pana ukumbusho wenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi, na watu wa Afrika ya Mashariki wamo.

Wasishangae wakiona kwamba habari zimetawanyika. Keya ya Tanganyika iligeuka kuwa jeshi la nchi ile mwaka 1961, ya Uganda mwaka 1962, na ya Kenya mwaka 1963. Nyumba ilipogawanywa, na vyombo vyake viligawanywa.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza, majina. Mwandishi wa jeshi aliandika alivyosikia. Kariuki aliweza kuwa Karioki, na Ochieng akawa Ocheng. Mwingine alijiandikisha kwa jina la ubatizo, mwingine kwa jina la babu, na mwingine kwa jina la ndugu yake mwenye kipande. Basi jina lisipoonekana kwa herufi tuzijuazo, lisomwe kwa sauti, likatafutwe kwa herufi nyingine.

Pili, tusiuze tumaini. Kazi hii si njia ya kudai fedha, na mwanachama asimpe mtu ada kwa ahadi ya malipo makubwa kutoka Uingereza.

Tatu, ukweli hauchagui. Huenda mwana akatafuta shujaa wa bunduki akampata mpishi wa hospitali. Huenda akakuta kwamba baba aliadhibiwa, au alitoroka. Tena batalioni za Keya zilitumiwa katika miaka ya Hali ya Hatari tangu mwaka 1952, wakati watu wengine waliorudi Burma walikuwa upande wa pili, msituni. Katika ukoo mmoja ndugu wawili waliweza kusimama pande mbili. Nasema haya mapema, ili mtu apime moyo wake kabla ya kufungua jalada. Mimi naona kwamba afadhali mtoto ajue baba halisi kuliko kumwabudu baba wa kubuni. Lakini uamuzi ni wa kila nyumba.

KWA NINI TUTAFUTE

Wengine watasema, "Vita ile haikuwa yetu, na waliokwenda hawakupata kitu." Neno hili lina ukweli ndani yake. Hati ya mwaka 1945, ambayo ilitangazwa magazetini mwaka 2019, yaonyesha kwamba katika malipo ya kuachiliwa, askari mzungu wa cheo cha chini katika majeshi ya Afrika ya Mashariki alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo kile kile shilingi 3 na senti 50. Askari wazungu walifunguliwa mlango wa mashamba katika nyanda za juu. Wetu walirudi kwenye vipande. Na katika vita ya kwanza, ile ya 1914 hata 1918, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariokor, walikufa kwa maelfu mengi. Mwaka 2021 Tume ile ile ya Makaburi ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wa vita ya kwanza hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri.

Lakini mimi naona kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutafuta, wala si sababu ya kuacha. Waliowahesabu kwa bei ndogo walikwisha kufanya lao. Sisi tukiacha majina yapotee mikononi mwetu, tutakuwa tumeikamilisha kazi ile ile, tena bila kulazimishwa na mtu.

SHAURI KWA MKUTANO MKUU

Kwa hiyo naleta shauri hili mbele ya Mkutano Mkuu, kwa idhini ya Kamati. Chama kifungue Daftari la Askari, na kila nyumba iandikishe mambo matano: kwanza, majina yote ya mtu, ya nyumbani, ya ukoo na ya ubatizo; pili, kijiji chake na chifu wa wakati ule; tatu, namba, nishani, picha na karatasi zilizobaki, nazo zinakiliwe na kurudishwa siku ile ile; nne, maneno na majina ya mahali aliyozoea kutaja, hata kama hayaeleweki; tano, watoto waliozaliwa kabla ya kwenda na baada ya kurudi, kwa kuwa umri wao hutuonyesha miaka aliyokuwa mbali. Vijana wetu wenye ujuzi wa kompyuta watatafuta katika orodha za mbali, na mimi nitakuwa tayari kwenda Nyumba ya Nyaraka siku mbili kila mwezi, Chama kikikubali kulipa nauli.

Nawasihi wajane na mabinti wasisahauliwe katika kazi hii. Mara nyingi mama ndiye aliyeitunza barua, na binti ndiye aliyekaa na mzee katika siku zake za mwisho. Tusiwaulize wanaume peke yao.

Mwaka huu, katika ukurasa wa misiba, mtaona majina ya wazee wanne waliotutoka. Wawili kati yao walikuwa wana wa askari, nao walikuwa wameahidi kuja ofisini baada ya mavuno. Basi mwenye kitu asingoje mavuno. Ofisi hufunguliwa kila siku ya kazi tangu saa mbili asubuhi, na kiti cha mzee kipo.

Ni mimi mtumishi wenu mtiifu,

KARANI WA CHAMA